Neno Kabla ya Rungu: Kuzoeleka kwa Mateso katika Haini

Aghalabu Haini ya Shafi Adam Shafi (2003) husomwa kama hati ya masaibu ya wafungwa wa kisiasa wa Unguja baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Usomaji huo haukosei. Hata hivyo, unatufanya tuhesabu mapigo na kusahau kuuliza ni nini kilichoyawezesha kupita kama shughuli ya kawaida ya dola.

Tuanze na anwani. Haini ni jina la mtu ambaye hatia yake imekwisha kuamuliwa. Hamza akishaitwa hivyo, ushahidi hauna kazi tena. Ametolewa katika umoja wa "sisi", na anayempiga hajioni katili bali mzalendo aliye zamuni. Kitenzi "kuhoji" nacho kimo katika mkondo huohuo. Kina udugu na hoja, lakini katika chumba cha mateso mhojiwa hatakiwi kuwa na hoja yoyote: jibu limekwisha kutayarishwa, kinachotafutwa ni kinywa cha kulitamka. Neno hutangulia rungu, kisha hulifunika.

Msomaji wa Kenya hawezi kulitazama jambo hili kwa mbali. Kuanzia 1986, katika msako wa Mwakenya, washukiwa walifungiwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, Nairobi, baadhi wakiachwa ndani ya maji kwa siku kadhaa, ilhali ghorofa za juu wananchi walihudumiwa ofisini kama kawaida. Wengi walifikishwa mahakamani bila wakili, pengine saa za kazi zikiwa zimekwisha, wakakiri. Ikaandikwa "amekiri". Karani aliyeliandika neno hilo hakumgusa mtu, wala hakimu aliyelipokea. (Nasi walimu, tukiri, tulijifunza kuulizia habari za mwenzetu aliyekamatwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ameshikwa na maradhi ya aibu.) Mateso huzoeleka kwa mikono safi kama hiyo kuliko kwa mkono wa mpigaji.

Hapa ndipo ulinganisho na Walenisi (1995) unapofaa. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, anamrusha Dzombo hadi ulimwengu mwingine ili dhuluma ya kwao ionekane upya. Mbinu hiyo ina nguvu, ila inampa msomaji nafasi ya kupumua. Shafi haitoi nafasi hiyo: watesaji na wateswa wake ni watu wa mji mmoja na lugha moja.

Haini ilichapishwa Nairobi mwaka uleule ambapo vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa ili umma uvione. Wanafunzi wangu huandika bila taabu kwamba riwaya "inakashifu ukatili". Nikiwauliza kwa nini wao wenyewe, katika insha hizohizo, wameandika kwamba Hamza "alihojiwa", hunyamaza.