Kivuli cha Mtoto Aliye Safarini

Mji wetu wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, uko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua lake halina simile. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, saa sita mchana linasimama utosini kabisa na mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Mwezi wa Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini haliendi mbali: hata Juni, saa sita linakuwa nyuzi 60 na zaidi juu ya upeo wa macho. Na chini ya jua hilo mtoto mchanga hutolewa nje kila siku, kwa sababu mama yake ana soko, ana kliniki, ana ibada, ana shamba. Kwa hiyo kila asubuhi hapa mjini kuna mamia ya wanawake wanaotatua, bila kalamu wala karatasi, swali ambalo wahandisi wa nchi za mbali wamelihangaikia miaka mingi: mtoto aliye safarini afanyiwe kivuli gani, kinachofunguka upesi, kinachogeuka na jua, na kinachokunjwa kikaachia mikono kazi nyingine?

Gari la mtoto la Kalemie ni mgongo. Vigari vya magurudumu vipo, vichache, lakini mchanga na makorongo ya njia zetu havivipi raha. Mtoto hufungwa kwa kikwembe, fundo juu ya kifua, miguu imekumbatia kiuno cha mama, kisha mwavuli unafunguliwa juu. Mpita njia anaweza kudhani mama huyo amejifunika mwenyewe tu. Amtazame vizuri. Akishuka asubuhi kutoka vilimani kwenda ziwani anaelekea mashariki. Jua liko usoni pake, mtoto yuko katika kivuli cha mwili wa mama, na mwavuli unaweza kusimama wima. Akigeuka kurudi nyumbani kabla ya saa sita, jua linampiga mtoto kisogoni. Hapo mama hulaza fimbo ya mwavuli begani, kitambaa kikaning'inia nyuma kumfunika mtoto. Hakuna aliyemwamuru. Mkono umejua wenyewe.

Anayetaka kubuni kivuli cha kigari cha mtoto aanzie hapo, maana mkono ule umebeba hesabu nzima. Katika nchi zetu jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Saa tatu asubuhi limefika nyuzi 45 hivi, na kwa nyuzi 45 kivuli hutupwa kando kwa umbali ulio sawa na kimo cha kitu kilichokitupa. Tandaza kitambaa bapa nusu mita juu ya uso wa mtoto, na saa tatu kivuli chake kitaangukia nusu mita pembeni. Mtoto aliyezaliwa juzi ana urefu wa nusu mita. Kivuli kimemruka mwili mzima! Ndiyo sababu paa la bapa, linalopendeza dukani, halifai kitu kwetu isipokuwa katika saa moja au mbili za katikati ya mchana. Kivuli cha kweli lazima kishuke ubavuni asubuhi, kipande juu mchana, kishuke ubavu wa pili alasiri. Kwa Kalemie kuna jambo la kuongeza: jua linachomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, na likiwa bado chini maji yanalirudisha kama kioo. Mtoto anayepita ufukoni mapema hupigwa na mwanga wa juu na wa chini pamoja.

Watu walianza zamani kuweka kivuli kinachokunjika juu ya kitu kinachotembea, ila hawakuanza na watoto. Mwaka 21 baada ya Kristo, Wang Mang, mtawala wa China, alitengenezewa gari la sherehe lenye mwavuli wenye viungo vya kukunjuka na kukunjika. Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliuheshimu mwavuli kama kiti cha enzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vifuniko vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja na ndege wa dhahabu juu yake. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mfalme alikuja kumlaki akiwa chini ya mwavuli wa duara wa satini nyekundu. Kivuli cha kubebwa kilikuwa alama ya ukubwa. Mimi nafurahi sana kwamba leo, katika barabara za Kalemie, anayebebewa mwavuli ni kiumbe asiyejua hata kuketi.

Ulaya kigari cha mtoto kilianzia kwa wakubwa vilevile. Mwaka 1733 William Kent alimbunia Duke wa Devonshire, Uingereza, kigari cha umbo la kombe kwa ajili ya watoto wake, cha kuvutwa na mnyama mdogo. Lakini hatua ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1889, mjini Baltimore, Marekani, ambako William Richardson, mtu mweusi, alipata hataza ya kigari ambacho kitanda chake huweza kugeuzwa, mtoto akamtazama anayemsukuma au akatazama mbele. Kitabu kitakwambia alitaka mama na mwana waonane. Mkazi wa Kalemie ataona faida ya pili papo hapo: ukiweza kumgeuza mtoto, unaweza kumpa jua mgongo bila kubadili njia yako. Mwaka 1965 akaja Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita Spitfire. Alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito, akaketi akabuni cha mabomba ya alumini, kisichofika kilo 3, kinachojikunja kama mwavuli. Aliyezoea kuficha magurudumu mazito ndani ya bawa jembamba ndiye aliyejua kwamba kitu kikikunjika vizuri kinakuwa chepesi mara mbili: kwa uzito wake, na kwa nafasi kinayoiachia.

Mwavuli wenyewe ni mashine, na watu wengi wameushika maisha yao yote bila kuutazama ndani. Mbavu nane, kwa kawaida, zimeshikwa juu kwenye fimbo. Kila ubavu unasukumwa na mkono mdogo wa chuma unaotoka kwenye pete inayopanda na kushuka. Ukisukuma pete juu, mikono inafungua mbavu, na kitambaa kinazivuta zipinde. Hapo ndipo uzuri wote ulipo: chuma kinakisukuma kitambaa nje, kitambaa kinakirudisha chuma ndani, na kutokana na ugomvi huo vitu viwili dhaifu vinakuwa paa imara. Kitambaa kikikatwa kipana, kinapepea na mwavuli hauna nguvu. Kikikatwa kifinyu, ubavu unavunjika siku ya kwanza ya upepo. Fundi anayekata vile vipande vinane vya pembetatu, huku akivipinda kidogo pembeni, anacheza na milimita. Hata ubavu una akili yake. Mwaka 1852 Samuel Fox, mvuta nyaya wa karibu na Sheffield, alianza kutengeneza mbavu za chuma zilizokunjwa kama mfereji. Chuma kilekile, kikipata mfereji, kinakuwa kigumu zaidi huku kikipungua uzito, na ule mkono mdogo unapata mahali pa kulala mwavuli ukifungwa.

Kaeni siku moja karibu na fundi wa miavuli sokoni, mtaona mbavu hizo zikifunuliwa. Mwavuli ukiletwa umevunjika, mara nyingi umevunjika palepale: pale ubavu unapokutana na mkono wake, kwa sababu pametobolewa tundu la msumari na tundu limekula nguvu ya chuma. Fundi hasemi neno. Anakata kipande cha bati la kopo, anakizungusha juu ya jeraha, anakibana kwa koleo mpaka kinashika pande zote mbili, kisha anatoboa upya na kupitisha waya. Ncha ya ubavu anaishona kwa uzi uliotiwa nta, mizunguko mitatu minne, fundo ndani ili lisikwangue mtoto. Anafungua, anafunga, anafungua tena akisikiliza. Kiungo kizima kina sauti yake. Kando ya mguu wake kuna furushi la mbavu za miavuli iliyokufa, akiba ya kutibu iliyo hai. Kwa macho yangu huyu ndiye mbunifu wa kwanza wa kivuli cha mtoto katika mji wetu, ingawa hakuna aliyemwita kwa jina hilo.

Sasa kuna kosa moja linalofanywa kwa mapenzi mema, na ni lazima lisemwe wazi. Mtu ana kigari, jua ni kali, anachukua kikwembe na kufunika kigari chote kutoka juu mpaka chini ili mtoto alale. Ndani kunakuwa giza, na kunakuwa joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2023, walipima vigari vilivyofunikwa namna hiyo: kitambaa kikavu, hata chepesi, kiliongeza joto ndani kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi, na kizito zaidi kiliongeza zaidi ya hapo. Kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji, kikisaidiwa na feni ndogo, kilipunguza joto kwa zaidi ya nyuzi 4. Mtoto mchanga bado hajui kutoa jasho vizuri, na hana uwezo wa kujifunua. Madaktari wa watoto wanashauri aliye chini ya miezi sita asiachwe juani kabisa. Lakini kivuli kisicho na upepo kinamtoa motoni na kumtia chunguni. Kinga ya jua na njia ya hewa lazima zishonwe pamoja, katika pindo lilelile.

Kwa hiyo kivuli cha kigari cha Kalemie, ningepewa nafasi ya kukaa na fundi seremala, mchomelea vyuma na fundi cherehani, ningekitaka hivi. Matao matatu ya chuma chembamba, yote yakizunguka kwenye bawaba moja kila upande, usawa wa sikio la mtoto. Bawaba iwe kando ya kichwa, isiwe nyuma yake, ili paa lote liweze kuzungushwa kutoka upande wa kisogo hadi upande wa miguu, likalifuata jua lilikokwenda. Kati ya matao, vipande vya kitambaa vilivyokatwa kwa mpindo ule wa mwavuli, ili vikikunjuka vijivute wenyewe. Nyuma, juu kabisa, kuachwe pengo lililofunikwa na ukingo, joto lipate kutokea, kwa sababu hewa moto hupanda na hapo ndipo inapotafuta mlango. Mbele pabaki wazi, maana mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na yeye msukumaji anaweza kuuelekea. Ubavuni kuwe na pazia fupi la kushusha asubuhi, la kukunja na kufunga kwa kifungo likiwa halihitajiki. Bawaba zibanwe kwa nati yenye mpira katikati, ili tao likae pale lilipoachwa bila kuhitaji ndoano inayoweza kubana kidole.

Kitambaa kichaguliwe kwa jicho. Kiinue kuelekea jua. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, rudisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miavuli ya kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi, na ile myeusi huzuia kuliko yote. Lakini nyeusi hunywa joto. Basi juu iwe rangi nyeupe au ya kung'aa, ndani iwe ya giza, tabaka mbili zenye nafasi ya kidole kimoja katikati ili hewa ipite. Mji huu hausomeshwi pamba. Tangu ulipoitwa Albertville ulikuwa na kiwanda cha Filtisaf, kilichosokota na kufuma. Mashine zilinyamaza, lakini cherehani zimebaki kwenye vibaraza, na wanaochomelea vyuma hawakosekani karibu na bandari na reli.

Wako watakaosema hii ni anasa, kwamba mji uliopokea maelfu ya waliokimbia vita unahitaji mambo mazito zaidi ya paa la kigari. Mimi naona kinyume. Katika kambi za waliohama makwao hapa jimboni Tanganyika, mtoto analala mchana chini ya turubai la plastiki, na plastiki hiyo hufanya kile kile kilichopimwa Sydney. Mama wa kambini anayejua kuinua ukingo wa turubai upande wa upepo na kuutegemeza kwa kijiti anatumia kanuni ileile ya pengo la nyuma. Yuko pia mtoto mwenye ualbino, ambaye kwake kivuli ni dawa ya kila siku, na dawa hiyo inaweza kushonwa hapa hapa na mtu aliye na sindano.

Enyi vijana mnaojifunza uchomeleaji na ushonaji Kalemie, chukueni kazi hii. Tembeeni nyuma ya mama mwenye mtoto asubuhi moja, mtazame mkono wake wa mwavuli unavyogeuka, kisha pimeni. Mbavu mtazipata kwa fundi wa sokoni, vitambaa vimejaa dukani, na jua la kujaribia litakuwepo kesho saa tatu.