Nani Anayeaga? Mtunzi, Mwimbaji na Nafsineni katika “Jamaica Farewell”

Sehemu hii inahakiki wimbo “Jamaica Farewell”, ulioandikwa na Irving Burgie na kuimbwa na Harry Belafonte katika albamu ya Calypso ya mwaka 1956. Wasikilizaji wengi huuchukulia kuwa kilio cha Mjamaika anayeiacha nchi yake. Mtafiti anaona kwamba usomaji huo hauungwi mkono na wasifu wa mtunzi wala na matini yenyewe.

Burgie alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1924. Mama yake alitoka Barbados na baba yake Virginia. Mahadhi ya wimbo aliyajenga juu ya nyimbo za jadi za Karibi. Belafonte naye alizaliwa Harlem mwaka 1927, lakini mama yake alikuwa Mjamaika na yeye mwenyewe aliishi kisiwani humo kwa kipindi fulani cha utoto wake. Kwa hiyo, aliyekuwa na kumbukumbu za utotoni za Jamaika ni mwimbaji, si mtunzi.

Hata hivyo, wasifu haumalizi mjadala, kwa kuwa nafsineni si mtunzi. Katika ubeti wa kwanza, nafsineni anasafiri kwa merikebu ya matanga na kutua Jamaika akiwa njiani. Baadaye anaeleza upana wa safari zake kwa kutaja Maine na Meksiko, yaani kwa ramani ya msafiri wa Amerika Kaskazini. Huyu ni mpita njia aliyependa, wala si mzawa anayehama. Ndiyo maana anayoyakumbuka ni yale yanayomlaki mgeni: sauti za akina mama sokoni, ngoma, chakula na kileo. Msichana anayeachwa Kingston hapewi jina wala kauli.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba sababu ya kuondoka haitajwi. Katika miaka hiyohiyo, maelfu ya Wajamaika walikuwa wakihamia Uingereza kutafuta kazi. Wimbo haugusi jambo hilo. Lakini ukimya huohuo ndio unaoufanya uvuke mipaka kwa urahisi, kwani kila aliyemwacha mpenzi nyuma huweza kujaza sababu yake mwenyewe.

Ulinganisho na “Malaika”, ambao Belafonte na Miriam Makeba waliutoa katika albamu yao ya pamoja mwaka 1965, unalidhihirisha hilo. Katika “Malaika”, kinachowatenganisha wapenzi kinatajwa waziwazi: ukosefu wa mali. Huzuni yake ina mizizi katika jamii. Ile ya “Jamaica Farewell” inaelea.

Kwa hiyo, wimbo huu usichukuliwe kuwa ushahidi wa uhamaji wa Wajamaika. Thamani yake kwa mtafiti ni kuonyesha jinsi watoto wa wahamiaji waliozaliwa New York walivyoisimulia Karibi, kwa sehemu kubwa kutokana na kumbukumbu walizorithi.