Ukuta wa Mti Mmoja

Katika kisiwa cha Pantelleria, kilicho baharini kati ya Sisilia na Tunisia, mchungwa hauonekani mpaka mtu aingie ndani ya ukuta wake. Kwa mbali huonekana kitalu cha mawe meusi, cha mviringo, kisicho na paa wala dirisha, kimesimama peke yake katikati ya mizabibu. Mgeni huinama kupita mlango mdogo, na hapo ndipo hupokewa na harufu ya maua.

Wenyeji hukiita jardinu. Mara nyingi ndani yake mna mti mmoja tu.

Kisiwa hiki cha kilomita za mraba zipatazo 83 kilizaliwa na volkano. Hakina mto, na upepo huvuma karibu kila siku. Mimea yake mingi imezoeshwa kuinama: mzabibu hupandwa ndani ya kishimo, mzeituni hupogolewa utambae karibu na ardhi. Lakini mchungwa na mlimau hutaka maji na utulivu, mambo mawili yaliyo adimu hapa. Wakulima hawakuukatia mti tamaa, waliujengea nyumba.

Mawe ni yale yale yaliyoondolewa shambani ili jembe lipite. Hupangwa bila chokaa wala saruji. Mwashi huligeuza jiwe mkononi, akatafuta uso wake, akaliweka, kisha akaziba mianya kwa vijiwe. Ukuta huwa mnene, na kazi yake haiishii kuzuia upepo. Mawe ya volkano yana vitundu. Usiku hupoa, unyevu wa hewa ya bahari ukageuka umande juu yake na kushuka udongoni. Mchana, kivuli huchelewesha jua kuyakausha maji hayo. Matawi nayo hupogolewa yasizidi kimo cha ukuta, kwa kuwa tawi linalochungulia nje huunguzwa na upepo wa chumvi.

Mfano maarufu uko Khamma, kisiwani humu: kitalu chenye kipenyo cha mita 11 hivi na ukuta unaofikia mita 4, kikiwa na mchungwa mmoja mkongwe. Mwaka 2008 kampuni ya mvinyo ya Donnafugata ilikikabidhi kwa FAI, taasisi inayotunza urithi wa Italia, na sasa wageni huenda kukitazama. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ufundi wa kujenga kwa mawe matupu katika nchi nane, Italia ikiwamo.

Heshima hizo ni stahiki, na zimewafanya wengi waujue mti ambao mavuno yake hayajazi soko. Hata hivyo, uhai wa mchungwa ungali mikononi mwa anayejua kupanga mawe. Baada ya dhoruba, fundi huuzunguka ukuta, huokota jiwe lililoporomoka, hulijaribu huku na huku hadi likae. Upande wa pili, hakuna hata jani linalotikisika.