Kesi ya Dayton na Mchezo Uliotokana Nayo

Mtunzi wa mchezo na hakimu wa mahakama hufanana kwa jambo moja: wote wawili huwaleta watu mbele yetu waseme, kisha hututaka tupime maneno yao. Lakini hutofautiana kwa jambo lililo kubwa zaidi. Hakimu amefungwa na sheria kuzisikiliza pande zote mbili. Mtunzi hakufungwa na kitu ila dhamiri yake. Akipenda, humpa mtu mmoja maneno yote mazuri, na mwingine akamwachia upumbavu. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nataka tuutazame, ewe msomaji, mchezo mmoja mashuhuri uliowambwa juu ya kesi ya kweli, tuone ngozi imevutwa upande gani na kwa kiasi gani.

Mchezo wenyewe huitwa Inherit the Wind, maana yake Kurithi Upepo, jina lililotwaliwa katika kitabu cha Mithali. Watunzi wake ni Wamarekani wawili, Jerome Lawrence na Robert E. Lee. Ulichezwa kwanza mjini Dallas mwezi wa Januari 1955, ukaingia New York mwezi wa Aprili mwaka huo huo, na mwaka 1960 ukafanywa filamu. Tangu hapo umesomwa na vijana wengi shuleni, na wako wengi ambao kesi ya Dayton wanaijua kwa njia ya mchezo huu tu. Kwa sababu hiyo haitoshi kuuliza kama mchezo ni mzuri. Yapasa kuuliza pia kama ni wa haki.

Kwanza tuijue kesi. Mwezi wa Machi 1925 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyowakataza walimu wa shule za umma kufundisha nadharia yoyote inayokanusha habari ya kuumbwa kwa mtu kama ilivyo katika Biblia, na kufundisha badala yake kwamba mtu ametokana na wanyama wa daraja ya chini. Sheria hiyo ilikusudia mafundisho ya mageuko, yaani kwamba viumbe hai hubadilika kidogo kidogo katika muda mrefu mno, na kwamba aina nyingi za viumbe zimetokana na asili moja. Charles Darwin ndiye aliyeyaeleza kwa ushahidi mwingi katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Chama kimoja cha New York chenye kutetea haki za raia kilitangaza kwamba kitamsaidia mwalimu yeyote atakayekubali kushtakiwa ili sheria hiyo ipimwe mahakamani. Wenyeji kadhaa wa Dayton, mji mdogo wa jimbo hilo, walikutana katika duka la dawa, wakaona kwamba kesi kama hiyo itauletea mji wao sifa na biashara. Wakamwita kijana John Scopes, mwalimu mwenye umri wa miaka 24, wakamwomba awe mshtakiwa, naye akakubali. Basi kesi hii haikuzuka kwa ghadhabu ya umati. Ilipangwa mezani.

Ilisikilizwa tangu tarehe 10 hadi tarehe 21 Julai 1925, na redio ya Chicago ikaitangaza moja kwa moja. Upande wa mashtaka alikuwako William Jennings Bryan, aliyegombea urais wa Marekani mara tatu bila kuupata, na aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Upande wa utetezi alikuwako Clarence Darrow, wakili hodari wa Chicago, ambaye alisema waziwazi kwamba hajui kama Mungu yuko. Jaji alikataa wataalamu wa sayansi wasitoe ushahidi mbele ya baraza la waamuzi. Ndipo Darrow alipomwita Bryan mwenyewe kuwa shahidi wa Biblia, akamhoji nje ya jengo, chini ya miti, juu ya samaki aliyemmeza Yona, jua lililosimama kwa ajili ya Yoshua, na mke wa Kaini. Bryan alikiri kwamba siku sita za kuumbwa huenda hazikuwa siku za saa 24. Kesho yake jaji aliyafuta mahojiano hayo yote. Scopes akaonekana ana hatia, akatozwa faini ya dola 100. Siku tano baadaye Bryan alifariki usingizini.

Katika mchezo, Dayton umekuwa mji wa Hillsboro. Scopes ni Bertram Cates, Bryan ni Matthew Harrison Brady, Darrow ni Henry Drummond, na mwandishi wa gazeti mwenye ulimi mkali, H. L. Mencken, ni E. K. Hornbeck. Watunzi wamemwongeza mhubiri mkali, na binti yake Rachel ampendaye Cates.

Uzuri wa mchezo huu haufichiki. Mahojiano ya Drummond na Brady yamejengwa kama vita vya mafahali wawili: kila swali humrudisha Brady hatua moja nyuma, hata mtazamaji akasahau kwamba jambo linalogombaniwa ni maneno tu. Lipo pia onyesho la ibada ya usiku, ambamo mhubiri anaomba laana imshukie binti yake mwenyewe. Hapo anayemzuia ni Brady, kwa maneno yale yale ya Mithali yaliyoupa mchezo jina. Na mwishoni, Hornbeck anapomdhihaki Brady aliyekwisha kufa, Drummond anamkemea. Kisha anashika Biblia kwa mkono mmoja na kitabu cha Darwin kwa mkono wa pili, anavipima kama mizani, na kuvitia vyote viwili katika mkoba mmoja. Mtunzi mdogo angemaliza kwa shangwe za mshindi. Hawa wamemaliza kwa heshima ya aliyeshindwa.

Hata hivyo, heshima hiyo inafika baada ya mtu kufa. Alipokuwa hai walimtendea vingine. Mchezo unafunguka Cates akiwa kifungoni, na mji mzima unamchukia. Scopes hakufungwa hata siku moja, na Darrow mwenyewe aliwashukuru watu wa Dayton mahakamani kwa ukarimu wao. Brady anasema hajakisoma kitabu cha Darwin wala hatakisoma. Bryan alikuwa ameyasoma maandishi ya Darwin na kuyataja katika hotuba zake. Brady anaghadhibika kwamba faini ni ndogo. Bryan hakupenda sheria ile iwe na adhabu, naye alijitolea kumlipia Scopes faini yake.

Watunzi wana majibu, na haki yatupasa tuyasikie. Wametangulia kusema katika dibaji kwamba mchezo wao si historia. Tena waliuandika wakati Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya ukomunisti, watu wakiulizwa mbele ya kamati za serikali juu ya mawazo yao, na wengine wakipoteza kazi. Hillsboro ulikuwa kioo cha siku zao. Jibu hili lina nguvu, na kwa makosa madogo nawasamehe: kifungo cha Cates ni pazia la mchezo, na mchezo hauchezwi bila pazia.

Lakini liko jambo ambalo dibaji haiwezi kulifunika. Katika mchezo, hoja ya Brady ni moja tu, kwamba kila neno la Biblia lichukuliwe kama lilivyo. Bryan alikuwa na hoja nyingine. Alihofia kwamba watu wakifundishwa kwamba mwenye nguvu humshinda mnyonge na ndivyo maisha yasongavyo mbele, watafanya hiyo kuwa sheria ya kutendeana wao kwa wao. Hoja hiyo aliitia katika hotuba ndefu ya kufungia kesi, ambayo hakupata kuitoa, kwa sababu Darrow aliomba hukumu itolewe bila hotuba za mwisho. Watunzi walijua habari ya hotuba hiyo. Ndiyo maana Brady anaonekana akijaribu kusoma yake huku watu wakiondoka na kipaza sauti kikizimwa, mpaka anaanguka. Tunaona kuanguka kwake. Hatusikii alichotaka kusema.

Na je, hofu ile ilikuwa ya bure? Tufungue kitabu ambacho Scopes alishtakiwa kwa kukitumia. Jina lake ni A Civic Biology, kimeandikwa na George William Hunter mwaka 1914. Kitabu hicho kilifundisha mageuko, lakini pia kiliwagawa wanadamu katika mbari tano na kuwaweka watu weupe wa Ulaya na Amerika juu ya wote. Kilizifananisha jamaa za watu wenye ulemavu wa akili na uhalifu na vimelea wanaonyonya wengine, kikashauri wazuiwe kuoana na kuzaa. Haya hayakutokana na ushahidi. Yalikuwa majivuno ya wakati ule yaliyovikwa joho la sayansi, na sayansi yenyewe imeyakataa baadaye. Wala tusimfanye Bryan malaika, kwa maana yeye mwenyewe hakuwa mtetezi wa watu weusi wa nchi yake. Walakini msomaji Mwafrika ana sababu ya kusimama hapa kidogo. Kitabu ambacho mchezo unakifanya mwenge wa uhuru kilikuwa na ukurasa uliomweka yeye chini. Mchezo haukutaja ukurasa huo hata kwa neno moja.

Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya Inherit the Wind. Mchezo unatetea haki ya kufikiri, na haki ya kufikiri haikamiliki ikiwa hoja bora ya mpinzani imenyimwa sauti. Brady angalipewa hofu ya Bryan iliyo ya kweli, Drummond angalilazimika kuijibu: kwamba kujua jinsi viumbe walivyotokea si amri ya jinsi tutakavyotendeana, na kwamba kosa la Hunter dawa yake ni uchunguzi zaidi, si sheria ya kufunga vinywa vya walimu. Jibu hilo ni zuri na ni la kweli. Ni hasara kwamba hatukulisikia jukwaani.

Mabishano yenyewe hayakuisha Dayton. Mwaka 1927 mahakama kuu ya Tennessee ilibatilisha hukumu ya Scopes kwa sababu faini ilikatwa na jaji badala ya baraza la waamuzi, lakini sheria ikaachwa mpaka ilipofutwa mwaka 1967. Mwaka 1968 mahakama kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Arkansas ya namna hiyo, na mwaka 1987 ikabatilisha ya Louisiana iliyotaka mageuko yasifundishwe bila fundisho la uumbaji kando yake. Mwaka 2005 jaji wa Pennsylvania aliamua katika kesi ya shule za Dover kwamba fundisho la msanifu mwenye akili ni fundisho la dini, si la sayansi.

Wala si mambo ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kutafuta masalio ya kale, aligundua karibu na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mifupa ya kijana aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 2006, makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakitengenezwa upya, viongozi kadhaa wa makanisa walipinga masalio hayo yasitangazwe kuwa ushahidi wa asili ya binadamu. Swali la Dayton limefika mlangoni petu, nawe utakutana nalo darasani na nyumbani.

Basi, msomaji kijana, usome mchezo huu, nao utakufurahisha. Ukiufunga, jiulize ni neno gani ambalo mpinzani angalilisema kama angalipewa nafasi. Fanya vivyo hivyo kwa kitabu cha sayansi na kwa hotuba ya mhubiri. Ukweli wa mageuko hupimwa kwa mifupa, miamba na viumbe hai, haupimwi kwa makofi ya watazamaji. Na imani ya mtu haithibitishwi wala haivunjwi kwa kumcheka. Anayemshinda mpinzani aliyefungwa mdomo hajui bado kama ameshinda.