Wimbo wa Kizungu Penye Msiba

Yeyote aliyeketi kutazama michezo ya kuigiza inayotengenezwa huku kwetu, Kinondoni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, anaijua dakika ninayotaka kuizungumzia. Binti amefukuzwa na mumewe, amesimama getini na begi lake. Au mzee amekata roho na mwanawe hakuwahi kufika. Waigizaji hawajasema neno, machozi hayajashuka, na mara unaingia wimbo wa Kizungu: kinanda polepole, kisha sauti ya mwanamke wa Marekani au Kanada ikipanda mpaka darini. Mtazamaji ameamriwa alie, naye hulia. Wakati filamu zetu zilipokuwa zikiuzwa Kariakoo katika mikanda na diski, jambo hili lilikuwa kama sheria. Leo filamu zimehamia kwenye ving'amuzi na simu, na bado halijaisha.

Msomaji asidhani naileta ile hoja ya kukataa cha kigeni kwa kuwa ni cha kigeni. Mimi ni wa kizazi kilichoiona hoja hiyo ikijaribiwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliojua dansi za wageni wasijue ngoma za kwao, na alikuwa na haki. Lakini mwaka 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, sisi vijana wa shule ndipo tulipozidi kuutafuta. Marufuku haimfundishi mtu kusikiliza. Ninalolitafuta mimi ni kosa la ufundi.

Kipimo nilikipata mahali nisipopatarajia. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alikwenda Japani kwa mafunzo katika miaka ya tisini, akarudi na mapenzi makubwa ya tamthilia za televisheni za huko. Siku hizi naye ni babu, lakini huja kwangu na diski zake, akaketi kando yangu na kunitafsiria.

"Mwalimu, leo usishughulike na maneno yao," aliniambia siku moja. "Sikiliza wimbo tu."

Tamthilia yenyewe ni Miseinen, yaani wasiofikia utu uzima, iliyoandikwa na Shinji Nojima na kuonyeshwa mwaka 1995. Ni habari ya vijana waliokwama, kila mmoja na jeraha lake. Inafunguliwa kwa wimbo wa Carpenters, wale ndugu wawili wa Marekani, uitwao "Top of the World", ambao ni furaha tupu. Inafungwa kwa mwingine wa hao hao, "I Need to Be in Love", ambao ni wa upweke. Karen Carpenter, mwenye sauti ile, alikuwa amekwisha kufariki tangu 1983. Sasa fikiri: wimbo wa furaha juu ya vijana wasio na furaha! Mara ya kwanza unaudhi, kama mtu anayecheka matangani. Sehemu ya tatu unaanza kuuogopa. Baadaye ukisikia tu sauti zile za kwanza, unajua kwamba furaha inayoimbwa ndiyo hasa waliyonyimwa hawa, na huhitaji kuambiwa na mtu yeyote. Wimbo ule ule umerudi kila wiki. Ulikuja kama mgeni, sasa umekuwa shahidi.

Hapo ndipo penye tofauti. Sisi katika saa moja ya mchezo tunapachika nyimbo tano, na hakuna hata mmoja unaokaa kikao cha kutosha hata ukafahamiana na wahusika. Wimbo wetu ni kama mliaji wa kukodi: anaingia, anapiga ukulele, anatoka, na jina la marehemu hajaliuliza.

Si kwamba kila walichofanya Wajapani ni kizuri. Mwaka 2004 walionyesha tamthilia iitwayo Pride, ya wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, na wimbo wake mkuu ulikuwa "I Was Born to Love You" wa Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwa hiyo nilijiweka sawa kitini nifurahi. Sikufurahi sana. Wimbo unapiga kelele kuliko mchezo, na mapenzi ya wahusika yanabaki yakiufukuzia kwa nyuma. Bora "To Love You More", ambao Celine Dion aliuimba kwa ajili ya tamthilia ya Koibito yo ya 1995, kwani ulitengenezwa kwa kazi hiyo na unaivaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye hutazama pamoja nami, ana pingamizi. "Babu, kwani huko Japani wote wanajua Kiingereza? Si wanasikia sauti tu kama sisi?" Ni pingamizi la haki. Tena ningeweza kumwongezea hoja: Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kilianza kwa kuimba Kiarabu, na wako waliolizwa na Umm Kulthum ambao Kiarabu chao kiliishia kwenye sala. Sauti peke yake inaweza kubeba huzuni, na simlaumu mtazamaji wa Mbagala kwa kulia asichokielewa.

Lakini mwongozaji hana ruhusa hiyo. Niliwahi kutazama mchezo ambamo bibi harusi anaingia kanisani kwa "I Will Always Love You", ule alioutia umaarufu Whitney Houston katika filamu ya The Bodyguard mwaka 1992. Wimbo huo aliutunga Dolly Parton, akautoa mwaka 1974, na aliutunga kumwaga Porter Wagoner, aliyekuwa akifanya naye kazi, siku walipoachana. Ni wimbo wa kwaheri. Bibi harusi wa watu anatembea kwenda kwa mumewe huku akiagwa! Kama ndoa ile ingekuja kuvunjika katika sehemu ya pili, ningempa mwongozaji heko, ningesema alitutegea. Haikuvunjika. Wakazaa mapacha.

Wasimulizi wa vibanda vya video walikuwa na heshima zaidi kwa mtazamaji. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na wenzake walizichukua filamu za kigeni, wakazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, wakatia na maelezo yao. Wengine waliwacheka kwa kutia chumvi. Haidhuru, angalau walijua kwamba kati ya picha ya kigeni na mtu wa Temeke panahitajika mtu wa kufanya kazi.

Na kazi hiyo inawezekana. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na marehemu George Tyson, iliwaweka wanamuziki wa kizazi kipya ndani ya hadithi yenyewe, TID akiwa mmojawapo, na muziki ukatoka humo humo. Ina mapungufu yake, lakini wimbo hauazimwi kwa jirani.

Tena kuna suala la fedha, ambalo wapenzi wa sanaa hulipita kimya. Baada ya Miseinen, mkusanyiko wa nyimbo za Carpenters uliuzwa Japani zaidi ya nakala milioni 2. Tamthilia iliufufua wimbo, wimbo ukawalipa wenyewe. Sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na nina shaka kama mwanamke yule wa Kanada amewahi kupata hata senti kwa misiba yote aliyotulilia. Yeye hatakufa njaa. Ninaowafikiria ni wengine. Shakila Saidi, aliyetamba na bendi za taarab za Tanga, aliishi Mbagala mpaka alipofariki mwaka 2016. Wimbo wake "Macho Yanacheka" ni wa mtu anayeonyesha furaha usoni huku moyoni analia, yaani hila ile ile iliyonishangaza katika Miseinen, kwa Kiswahili safi, na mwenyewe alikuwa mwendo wa daladala moja kutoka walipokuwa wakipiga picha zao. Mimi sijauona mchezo hata mmoja ulioutumia.

Mwaka jana vijana fulani wa hapa Temeke walinipa kazi yao niitazame. Mama anapewa habari ya kifo cha mwanawe akiwa anachagua mchele. Nikasubiri kinanda. Hakikuja. Zilisikika punje zikigonga ungo, na pikipiki ikipita nje, kisha yule mama akaanza kulia, vibaya, kwa kamasi, kama watu wanavyolia. Mjukuu wangu alinyoosha mkono akachukua rimoti, akaongeza sauti, akidhani imekatika.