Umeme kwa Mmoja, Uchungu kwa Wawili

Mwaka 2004, Tania Singer na wenzake wa University College London walichapisha katika jarida la Science jaribio lililoonyesha kwamba kuguswa na maumivu ya mwingine kunaweza kupimwa. Walialika wapenzi, jozi 16. Mwanamke alilala ndani ya mashine ya MRI, mwenzi wake akaketi kando. Kila mmoja alibandikwa elektrodi mkononi, na mwanamke aliweza kuiona mikono yote miwili kwa kioo. Ishara kwenye skrini zilimweleza ni zamu ya nani, na kama umeme utauma au utagusa tu. Uso wa mwenzi hakuuona.

Ustadi wa jaribio hili uko kwenye hesabu ya kutoa. MRI haisomi mawazo. Inafuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo hufika kileleni sekunde tano au sita hivi baada ya tukio. Tena ubongo unaomhurumia mtu ndio huohuo unaotazama ishara, unaosubiri na kuogopa. Kwa hiyo watafiti walichukua zamu za maumivu wakatoa zamu za mguso mwepesi: kwanza za mwanamke mwenyewe, kisha za mwenzi wake. Halafu wakauliza ni maeneo yapi yamesalia katika hesabu zote mbili.

Miongoni mwa yaliyosalia ni insula ya mbele na singuleti ya mbele, yanayohusika na karaha ya maumivu. Gamba la ubongo linalotambua maumivu yako mahali gani mwilini liliamka pale tu umeme ulipompata mwanamke mwenyewe. Uchungu ulishirikiwa; mchomo haukushirikiwa.

Mpinzani angesema kwamba insula huamka kwa mengi. Kweli: mwaka 2007 William Seeley na wenzake waliiweka, pamoja na singuleti, katika mtandao unaochagua jambo lipi linastahili kuzingatiwa, liwe la huruma au la. Kuamka kwa eneo moja mara mbili hakuthibitishi kwamba kazi ni ileile. Jibu zuri lilitoka Vienna mwaka 2015. Markus Rütgen, Claus Lamm na wenzao waliwapa washiriki dawa bandia ya kutuliza maumivu. Maumivu yao wenyewe yalipungua, na makali waliyoyaona katika maumivu ya wengine yakapungua pia. Walipozuia kwa dawa mfumo wa opioidi, ambao mwili huutumia kutuliza maumivu, athari hiyo ikatoweka. Hapa watafiti hawakuishia kutazama: waliugusa mtambo wenyewe.

Kuitafuta huruma katika ubongo uliopumzika, usiopewa kazi yoyote, ni kugumu zaidi. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na kazi maalumu huongeza kidogo tu. Mwaka 1995 Bharat Biswal alionyesha kwamba maeneo ya mwendo ya kushoto na kulia hupanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa ametulia, kama wapiga ngoma wanaofuatana bila kutazamana. Mwaka 2001 Marcus Raichle akaeleza mtandao unaochangamka zaidi tunapokuwa hatuna kazi. Mtandao huo hushiriki pia tunapowaza yaliyo moyoni mwa wengine, na ndiyo maana watafiti wengi hulinganisha nguvu ya miunganisho yake na majibu ya dodoso la Mark Davis, lenye vipengele 28 vya kupima huruma.

Tatizo ni kwamba hapa hakuna cha kutoa. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kwamba kichwa kikitikisika kidogo tu, huonekana miunganisho isiyokuwepo. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake wakaonyesha katika Nature kwamba uhusiano kati ya ubongo na tabia za watu mara nyingi ni hafifu mno, hata unahitaji maelfu ya washiriki.

Basi tusichanganye maswali mawili. Singer alimlinganisha mtu na nafsi yake katika hali mbalimbali, na kwa hilo jozi 16 zilitosha kuanzia. Anayedai kusoma katika ubongo uliotulia nani ana huruma kuliko nani analinganisha mtu na mtu. Huyo tumuulize kwanza: umepima watu wangapi, na vichwa vyao vilitulia?