Kuunganisha Pingili za Mgongo kwa Tundu Dogo: Ufundi na Mipaka Yake

Upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo hukusudia kuzifanya pingili mbili au zaidi zilizopoteza uthabiti ziote pamoja na kuwa mfupa mmoja, ili mwendo unaozaa maumivu ukome na neva zilizobanwa zipate nafasi. Ulianza mwaka 1911 mjini New York, ambako Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliutumia dhidi ya kifua kikuu cha mgongo. Maradhi hayo yangali na uzito katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, nchini Tanzania, kwa sababu vumbi la mawe yenye silika, linalovutwa ndani ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, na kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, humzidishia mchimbaji hatari ya kuugua kifua kikuu.

Katika njia ya zamani, daktari hupasua ngozi katikati ya mgongo na kuibandua misuli kutoka kwenye mifupa pande zote mbili, jambo linaloikatia misuli hiyo damu na neva zake na kuiacha dhaifu hata baada ya kidonda kupona. Njia ya tundu dogo, iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibuniwa ili kuepusha madhara hayo. Mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi, daktari huitafuta pingili kwa eksirei, hupasua sentimita chache pembeni mwa mstari wa kati, kisha hupitisha mirija inayozidi unene hatua kwa hatua, ambayo huitenganisha misuli bila kuikata. Kupitia mrija wa mwisho, wenye upana wa milimita ishirini na kitu, huondoa sehemu ya kiungo cha nyuma, huinusuru neva, huitoa diski, yaani gegedu lililo kati ya pingili, na mahali pake huweka kizimba kidogo kilichojazwa chembe za mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Skrubu na vyuma vinavyozishikilia pingili huingizwa kupitia matundu mengine madogo, kwa kuongozwa na picha za eksirei.

Hata hivyo, skrubu hushikilia kwa muda tu; kinachounganisha ni mfupa mpya, ambao huchukua miezi kadhaa kukomaa, na uvutaji wa sigara huudhoofisha. Tafiti zinazolinganisha njia hizi mbili zinaonyesha kuwa ya tundu dogo hupunguza damu inayopotea na siku za kulazwa, lakini nafuu ya maumivu baada ya miaka kadhaa hukaribiana, huku mionzi ikiongezeka kwa mgonjwa na kwa wahudumu.

Kwa hiyo uamuzi wa nani apasuliwe una uzito zaidi kuliko ukubwa wa tundu. Pingili iliyoteleza na kubana neva ni sababu nzuri ya kuunganisha. Maumivu ya kawaida ya mchimbaji anayebeba viroba vya mawe, yasiyo na kasoro dhahiri, kwa kawaida huhitaji mazoezi ya tiba na kupunguziwa mzigo, na kifua kikuu cha mgongo kikigunduliwa mapema mara nyingi hutibiwa kwa dawa pekee.

Utaalamu wa mgongo nchini Tanzania umejengwa hasa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo imeshirikiana na madaktari wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York, akiwamo Roger Härtl, bingwa wa upasuaji wa tundu dogo. Mkazi wa Buseresere, wilayani Chato mkoani Geita, yuko mbali na Dar es Salaam, ingawa Hospitali ya Bugando ya Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato ziko karibu zaidi. Manufaa ya ufundi huu kwake yataanzia kwenye zahanati, ambako mhudumu anayetambua homa za jioni, kukonda, miguu kulegea au mkojo kushindwa kuzuilika atamwandikia rufaa kabla neva hazijaharibika kwa namna ambayo hakuna upasuaji, wa tundu dogo wala kubwa, unaoweza kuzirekebisha.